Pigo la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Swali limenisumbua miaka kumi na mmoja: ukatili uliojaa katika riwaya zangu unatoka kwangu, au kwenye kifafa? Vidonge hutuliza mwili, lakini sentensi nazo hutoka butu. Nimeviacha tangu Alhamisi. Mdogo wangu hajui. Yeye ndiye mkono wangu: mimi natamka riwaya, yeye anaandika. Shajara hii tu naiandika mwenyewe.

Leo sura ya tisa. Mwanamke anampiga dada yake kwa pasi. Niliiweka pasi yetu mezani. Siwezi kutamka kitu nisichokiona.

"Mara tatu za nini, dada? Moja haimtoshi?"

Nikamwambia pigo la kwanza ni hasira, la pili hofu. La tatu halina sababu, na ndilo riwaya yenyewe. Akaandika huku amenuna.

Jumanne, 4 Machi
Damu kwenye mswada. Si yangu.

Jumatano, 5 Machi
Leo herufi zinayumba. Jana asubuhi nilianguka. Daktari alishatuonya: anayezinduka asishikwe, atapigana. Mdogo wangu alinishika – kichwa changu kilikuwa kinaelekea kwenye kona ya meza. Pasi ilikuwa karibu na mkono wangu. Wake wa kulia umevunjika mahali pawili. Unyusi umepasuka hadi mfupa.

Daktari anasema si mimi, ni ubongo uliokuwa haujarudi. Akauliza kama nimekuwa nikimeza dawa. Nikasema ndiyo. Kama nakumbuka chochote. Nikasema hapana.

Nakumbuka. Mfupa ukivunjika. Mdomo wake ukiniita. Lakini yote haya niliyatunga Jumatatu, kabla ya kuyatenda. Huenda ninachokumbuka ni ukurasa tu.

Ijumaa, 7 Machi
Amerudi, mkono ndani ya plasta.

"Pasi nimempa jirani. Sasa utavaa makunyanzi."

Akaketi, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. "Haya, tamka. Taratibu lakini, mkono huu bado uko darasa la kwanza."

Nikasema afute pigo la tatu.

Hakufuta. "Liache, dada. Hilo ndilo lililonivunja."

Basi yalikuwa matatu. Nisichojua ni kama kufikia la tatu nilikuwa nimeshazinduka. Aliyeyaona macho yangu ni yeye peke yake, na siwezi kumuuliza bila kumwambia habari za vidonge: atataka kwanza kujua kwa nini nilianguka. Kalamu yake imesimama juu ya karatasi. Anasubiri sentensi inayofuata, nami ninayo tayari, na ni nzuri.