Debe la Maji Nyuma ya Gari

Jumatatu, 4 Machi 1974

Kijijini, Ulaya (hii ya hapa kwetu, si ya Wazungu), Kilosa, kisha kurudi. Wagonjwa wakati wa kwenda, dawa na mafuta ya taa wakati wa kurudi. Magurudumu mapya ya gari hili la wagonjwa hayana mchezo. Lile tope la kabla ya Ulaya, ambalo masika iliyopita lilinilaza palepale mpaka watu wakaja na majembe, leo nimelikata bila kusimama. Tumbo la gari liko juu sasa. Magurudumu haya niliyaomba mwenyewe karakana na nimefurahi kuyapata.

Ila mgongo unauma. Chuma cha gurudumu kimekuwa kikubwa, mpira umekuwa mfupi. Kati ya chuma na barabara hapafiki vidole vinne, na mpira wenyewe mgumu. Kila jiwe linanisalimia. Mzee mmoja aliyevunjika mguu amelia njia nzima. Nikamwambia avumilie, gari zuri ni lile linalofika.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu Debora ametoka damu asubuhi. Kidogo, lakini damu. Mimba ina miezi saba. Wawili waliotangulia waliondoka hivihivi, na wote nimewazika mimi.

Tabitha, muuguzi wa zahanati, amekuja mbio. Amemlaza, akainua miguu ya kitanda kwa matofali. Kisha akaniita nje. Asichote maji, asiiname, asishike jembe. Damu ikirudi, Kilosa kwa daktari siku hiyohiyo. Na asitikiswe. Hilo la mwisho amelirudia huku akilitazama gari langu.

Naogopa. Mke wangu ndiye abiria ambaye gari hili halimfai.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada nimejaza debe maji mpaka mdomoni, nikaliweka nyuma, pale wanapolazwa wagonjwa. Nimeendesha polepole mpaka mtoni na kurudi. Limebaki nusu.

Sikula mchana. Debora ameuliza kwa nini sakafu ya gari imelowa. Nimesema nilikuwa naosha.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimepunguza upepo kwenye matairi yote. Gari likawa laini, debe likafika mtoni karibu limejaa. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko hakikufika mbali. Wakati wa kurudi nimekanyaga jiwe, jiwe la kawaida tu. Mpira ukajikunja, chuma kikaibana tyubu, ikapasuka. Tairi nene la zamani lingelimeza jiwe hilo na kusahau. Hili fupi halina pa kujikunjia. Nimeziba na kujaza upepo kwa pampu ya mkono mpaka mikono ikafa ganzi.

Magurudumu ya zamani yamekwishafungwa kwenye gari jingine. Na hata yangekuwepo, yangezama topeni. Yale yanambembeleza mgonjwa lakini hayafiki. Haya yanafika lakini yanamponda. Mtu achague lipi?

Reli nayo haipitiki, maji yamekula tuta. Machela ya mabegani mpaka Kilosa, katika tope hili, si ya mtu anayetoka damu.

Ijumaa, 15 Machi

Mzee Sefu, mwenyekiti wetu wa kijiji, ameniomba niwapeleke watu shamba la ujamaa, mvua isije ikawakuta njiani. Wamejaa mpaka mlango ukagoma kufungwa. Debe nililisahau nyuma, na watu wameniteta kwa kuwabania nafasi na maji yasiyo na kazi.

Tulipofika nililishusha. Limejaa. Nililitazama mpaka wakaniuliza kama ninaumwa.

Ni springi. Gari tupu linaruka kwa sababu springi zina njaa. Likishiba zinalala, na gari linakwenda kwa adabu. Dereva gani asiyejua hilo? Nilijua, ila nilikuwa naangalia matairi tu.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Sefu kabla hajatoka. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Nilitaka magunia ya mahindi ya ghala la kijiji, nipakie, nimpeleke Debora, niyarudishe. Amenisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu dereva, magunia hayashuki kusukuma."

Ni kweli. Penye tope gari zito litazama hata kwa magurudumu haya. Unahitaji uzito unaojua kushuka na kupanda tena.

Ameitisha mkutano palepale. Vijana wakajitolea kupanda wawe uzito, wazee wakawakatalia. Mwanaume hakai juu ya mwanamke mwenye hali ile. Si jambo la kujadiliwa. Basi wanawake ndio watakaopanda, na wanaume watatangulia kwa baiskeli kusubiri penye tope wasukume. Ndipo ikaja kazi ya kuchagua wanawake wazito, na hapo kila mtu akatazama chini. Mama Mwajuma, jirani yetu, akasimama mwenyewe. Amesema miaka yote anachekwa kwa mwili wake, leo kijiji kizima kimekuja kuuomba. Watu wamecheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Debora amesikia kicheko mpaka kitandani. Nilipomweleza amegeukia ukutani. Anaona aibu kubebewa watu. Nimemwambia aibu tutaiona baadaye.

Alhamisi, 21 Machi

Damu imerudi alfajiri. Nyingi.

Mzee Sefu amepiga ngoma ya kuitia kazi. Wanaume wameondoka na baiskeli, koti za mvua hakuna, wamejifunika nailoni za mbolea. Godoro letu likawekwa katikati ya gari, Debora juu yake, wanawake kwenye mabenchi pande zote mbili, miguu yao ikimzunguka kama boma. Mama Mwajuma amekaa nyuma kabisa, juu ya ekseli, pale panaporuka zaidi. Tabitha upande wa kichwa chake.

Nimeendesha kama sijawahi kuendesha. Sikusikia bodi ikigonga. Kila penye tope wanaume walikuwepo, wamelowa, wamekwisha kutandika matawi. Wanawake wanashuka, gari linanyanyuka, linavuka tupu, taratibu, wanapanda tena na matope yao. Hakuna aliyelalamika. Tulipopita kijiji cha Masanze akina mama walianza kuimba wimbo wa kanisani, na waliokuwa Waislamu wakaitikia kwa kuguna, maana maneno hawayajui.

Debora hakulia hata mara moja. Nilikuwa namtazama kwenye kioo badala ya barabara. Tumefika mchana, yu hai, anaongea.

Ijumaa, 22 Machi

Nimewarudisha akina mama kijijini. Gari zito, kimya. Mama Mwajuma ameniambia niende nikalale. Sikulala.

Jumamosi, 23 Machi

Kilosa tena, peke yangu. Nimekuta amejifungua mvulana. Kichwa chake kinaenea katika kiganja changu. Analia kama paka mdogo, lakini analia. Daktari amesema tusubiri. Amesema pia mama angetikiswa zaidi njiani tungewapoteza wote wawili.

Debora amempa jina. Petro. Wale wawili wa kwanza hatukuwahi kuwapa.

Jumatatu, 25 Machi

Petro amefariki asubuhi. Mchungaji wa Kilosa aliwahi kumbatiza kabla.



Jumanne, 26 Machi

Tumerudi. Hospitali walitaka tumzike Kilosa, Debora amekataa. Alale na wenzake nyumbani.

Hakutaka kukaa mbele. Amekaa nyuma na mtoto mapajani, ndani ya khanga. Sisi wenyewe tu. Gari tupu, springi zina njaa, kila jiwe likanisalimia tena. Nikapunguza mwendo mpaka mwenye baiskeli akatupita. Bado likaruka. Karibu na Masanze nikamsikia akisema, "Usimtikise."

Nimeendesha kwa gia ya kwanza mpaka nyumbani. Jua limezama tukiwa njiani. Kila penye shimo nimesimama kwanza, nikashuka, nikalijaza mawe kwa mikono, nikapanda, nikapita. Hakuniuliza ninafanya nini. Tulipofika injini ilikuwa inachemka.

Jumatano, 27 Machi

Tumemzika. Kijiji chote hakikwenda shamba. Mzee Sefu ameomba dua yake pembeni, mchungaji wetu ametoka Ulaya kwa baiskeli. Mama Mwajuma amelia kuliko mtu yeyote. Anasema labda hakuwa mzito wa kutosha. Nimemwambia asiseme hivyo tena.

Ijumaa, 19 Aprili

Karakana wameuliza magurudumu yanaendeleaje. Nimesema yanafika.

Debora halisogelei gari. Likiwa uani anapitia mlango wa nyuma. Anapika, analima, anajibu akiulizwa. Debe nimelirudisha jikoni. Hajalitumia.

Jumanne, 7 Mei

Asubuhi Tabitha amekuja mbio. Kuna binti Ulaya, mimba yake ya kwanza, ametoka damu, apelekwe Kilosa leo. Nimekwenda kugonga milango. Wengi walikuwa shambani. Nimempata Mama Mwajuma na wengine wachache, benchi moja halijajaa. Nikasimama pale nikihesabu nafasi tupu, hasira zimenijaa, sijui namkasirikia nani.

Debora alikuwa mlangoni anachambua mchele. Ameweka ungo chini, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akaja moja kwa moja mpaka nyuma ya gari. Mama Mwajuma akasogea.

"Mimi si mzito," amesema Debora, "lakini nitajaza mahali."

Nimewasha gari.

Ulaya tumempakia yule binti. Ni mdogo kweli, anatetemeka, shikamoo zake hazisikiki. Kwenye korongo la kwanza wanawake wameshuka kulipunguzia gari uzito. Kwenye kioo nikaona Debora hakushuka. Amekaa sakafuni, amekishika kichwa cha binti kwa mikono miwili, ametulia. Nimevuka polepole.

Tumefika Kilosa mchana. Mvua imekatika.