Hisabati, Saikolojia na Daftari la Mwalimu Boay

Jumanne. Babati imeamka na mawingu na ule upepo mkavu wa mwezi wa nane unaopasua midomo. Mimi nimeamka na uamuzi. Au nilidhani ni uamuzi.

Niandike ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Nasoma shahada ya hisabati na saikolojia kwa pamoja, naingia mwaka wa tatu, na nimefeli somo moja la hisabati. Septemba natakiwa nirudi chuoni kufanya sapu, yaani mtihani wa marudio. Mshauri wangu wa masomo amenipa njia nyingine: niache hisabati, nibaki na saikolojia peke yake. Jibu analitaka kesho.

Nyumbani Mutuka hakuna aliyeshangaa. Baba hajawahi kuelewa masomo haya mawili yanakutana wapi. "Anasomea hesabu na kusikiliza wenye mawazo," huwa anawaambia majirani, kisha anabadilisha mazungumzo.

Leo asubuhi nilipanda bodaboda hadi Sigino kwa Mwalimu Boay, aliyenifundisha hisabati sekondari. Ndiye aliyenishawishi niisome hadi chuo kikuu. Niliona ni adabu asikie kutoka kwangu kwamba naiacha.

Nilijua alipata kiharusi mwezi wa tano. Sikujua kilimfanya nini.

Nilimkuta kibarazani, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Mezani kulikuwa na daftari, na penseli ameishika kwa mkono wa kushoto. Nikamwamkia. "Marahaba, Restituta," akajibu polepole, kila silabi akiitafuta. Kisha akaendelea kuandika.

Nikachungulia. Nane kujumlisha saba. Alikuwa ameandika kumi na tatu.

Mtu aliyekuwa akijaza ubao mzima bila kushika kitabu.

Mkewe, Mama Ema, alitoka ndani na kalamu nyekundu. Yeye aliishia darasa la saba, lakini kila asubuhi ndiye anayemtungia mumewe maswali kumi na kuyasahihisha, kama muuguzi alivyowashauri.

"Baba Ema, ya nne umekosa."

Mwalimu akaitazama muda mrefu. Mimi nilitazama sakafu kwa aibu. Kisha nikamsikia akicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nilikuwa nafokea watu kwa swali kama hili," akasema. "Lete. Narudia."

Akarudia. Kumi na nne. Akafuta, akarudia tena, akihesabu kwa vidole vya mkono wake mzima, mpaka kumi na tano ikapatikana. Jasho lilikuwa linamtoka.

Chuoni nimesoma jinsi ubongo unavyojifunza upya kazi uliyoipoteza, kwa kurudia na kurudia. Kwenye mtihani wa somo hilo nilipata A. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona jambo lenyewe, na sikuwa na la kumfundisha mtu.

Aliponiuliza chuo kinaendaje, nilishindwa kusema nilichokwenda kusema. Nikasema kingine, ambacho hata mama sijamwambia: kwamba sikufeli kwa kutojua. Swali la kwanza lilinishtua, nikaacha kurasa mbili wazi na kutoka nje kabla ya muda kwisha. Mimi ninayesomea hofu za watu niliikimbia ya kwangu.

Mwalimu akarudisha macho kwenye daftari lake. Nilidhani hajanielewa.

"Unarudia lini?"

Hakuuliza kama nitarudia.

"Septemba, Mwalimu."

"Uwe unakuja hapa. Meza inatosha."

Mama Ema akacheka. "Hesabu zako mimi sizielewi, mwanangu. Lakini nitakagua kama umeacha mahali wazi."

Nikaomba karatasi. Mwalimu alikuwa na maswali yake kumi, mimi nikajaribu kukumbuka swali moja tu, lile la kwanza. Hofu ilianza tena kama siku ile. Safari hii sikuinuka. Nilikwama mara mbili, nikakata, nikaandika upya, na mchana ulipofika nilikuwa nimefika katikati ya jibu. Katikati tu. Lakini nilikuwa bado nimekaa.

Niliporudi nyumbani nilimwandikia mshauri: sibadilishi, nitafanya mtihani wa marudio na kuendelea na masomo yote mawili. Nikautuma ujumbe kabla sijausoma mara ya pili, nisije nikajishauri.

Halafu nikamwambia baba.

"Na ukifeli tena?" akauliza.

"Nitakuwa nimeandika mpaka mwisho, Baba."

Alimaliza chai yake, akaenda kuangalia ng'ombe, na aliporudi akasema, bila kunitazama, kwamba wiki hii nisiende shambani. Mbaazi watavuna wenyewe, yeye na mama.

Bado naogopa, sitasema uongo. Kesho saa tatu asubuhi niko Sigino, na penseli yangu.