Jumamosi ya Kaijage kukamua ndizi

Revo, waitu! Kaijage amemwita marehemu! Mbele za watu!

Unajua tangu mkewe Vestina azikwe hatoki ndani. Nesi wa zahanati akamwambia, "Babu, kila wiki jitengee siku ya kitu unachokipenda, hata kama moyo hautaki." Akachagua Jumamosi, kukamua ndizi za pombe ya rubisi.

Leo kaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia, anakanyaga ndizi na nyasi zake, maji ya ndizi yanatoka. Akacheka, Revo! Kaijage kacheka! Tukasema mzee wetu karudi.

Maji yalipojaa akapaza sauti: "Mama Jovita, lete mtama!"

Mama Jovita, yaani Vestina! Na kaburi lake liko pale pale migombani, udongo bado mbichi.

Binti yao Jovita akatoka na unga wa mtama wa kuchachushia, machozi yanamtiririka. "Tata, nimeleta mimi."

Hakupokea. Kaingia ndani na miguu ile ile inanata, kafunga mlango. Tukabisha wee. Akajibu, "Mwambieni nesi nilifurahi. Ndiyo maana nikasahau kwamba amekufa."

Njoo, Revo. Mpaka sasa hajafungua.