Ng'ombe Walitangaziwa, Wewe Hukuambiwa

Mpendwa ndugu yangu Nekesa,

Utaniwia radhi kwa kukuandikia hadharani, ilhali umelala kaburini kwetu Bungoma. Barua nilizowapelekea walio hai hazijapata jibu la maana.

Nakumbuka daktari alipokuagiza ufanye mazoezi kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Ulijiunga na ukumbi mmoja pale Kitale, karibu na duka lako la nguo, kisha ukanipigia simu ukicheka. "Kaka, huku tunahemeshwa kama ng'ombe wa plau, na madirisha wamefunga yote juu ya baridi." Nilipokushauri kwa kirefu uvae sweta, ulinikatiza: "Wewe bana, hata ukiomba chumvi unaanza na Mheshimiwa."

Mkufunzi wenu alipotoweka, mwenye ukumbi aliwaambia kwamba amekwenda Lwakhakha kuwaona wakwe. Kumbe mkufunzi alikuwa amelazwa hospitalini kwa kifua kikuu, na mwenye ukumbi alijua. Nawe ulipoanza kukohoa ulinunua dawa ya mafua, kwa kuwa hukuwa na sababu ya kushuku jingine. Ulipopimwa, mapafu yalikuwa yamekwisha kuharibika.

Baada ya maziko nilifika katika ofisi ya afya. Afisa alinisikiliza kwa adabu. "Mzee, jina la biashara hatutangazi. Tutamharibia mtu kazi, na hao vijana ameandika watakula wapi?" Nilimfahamisha kwamba sikuomba jina la mgonjwa, maana ugonjwa wake ni wake, niliomba litangazwe jina la ukumbi, ili waliohema humo wakapimwe.

"Hiyo ni siri," alisema, akanifungulia mlango.

Unakumbuka ng'ombe wetu walipopata ugonjwa wa miguu na midomo? Chifu alitangaza jina la baba kwa kipaza sauti sokoni Misikhu, boma likafungwa, na mama akashindwa kwenda kanisani kwa aibu. Tuliudhika sana. Lakini hakuna jirani aliyepoteza hata ndama. Basi nauliza: je, ng'ombe wa Misikhu walikuwa na haki kukuzidi wewe?

Simu yako ninayo, naichaji. Juzi ukumbi ule ulikutumia ujumbe: "Mpendwa mwanachama, tumekukosa sana. Karibu urudi, tumepaka rangi mpya." Kumbe nambari zenu zote wanazo. Nilijibu: "Amezikwa. Waambieni wenzake wakapimwe." Ujumbe wangu haukupita, nambari ile hutuma tu, haipokei.

Kwa hiyo kesho nitasafiri hadi Kitale, nisimame mlangoni pao. Jina la ukumbi wameniambia ni siri. Jina lako si siri, wala ugonjwa uliokuua, na hayo mawili nitamwambia kila anayeingia. Wakinifukuza, nitavuka barabara na kuyasema kutoka ng'ambo.

Lala, ndugu yangu.

Ni mimi, mwenye uchungu usiopoa,
Kaka yako mkubwa