Niling'oa Vibao vya Barabara, Sasa Binti Yangu Amepotea Kwao

Shangazi Eudora mpendwa, nishike mkono kabla sijazama.

Nakuandikia nikiwa ndani ya teksi yangu hapa gatini, nimefunga vioo vyote na joto hili ili wenzangu wasione ninachoandika, na nakuomba sana jina langu lisitoke gazetini, maana kisiwa chetu cha Petit Havre unakijua, ukipiga chafya Pointe Noire unaambiwa pole Morne Cassis. Mimi ni mtu wa heshima zangu, mgane, dereva wa teksi kwa miaka ishirini na minane, nasoma somo kanisani kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na sijawahi kumgonga mbuzi wa mtu, hata msimu huu wa kiangazi ambapo mifugo yote imeachiwa ijitafutie na barabara imekuwa ya mbuzi, sisi tunaomba kupita tu.

Makosa yalianza yalipokuja magari ya kukodi. Zamani mtalii akishuka kwenye feri anatukuta sisi, anapanda, kwisha. Barabara yetu kuu ni ya maili nane, ukiikazania unaimaliza kwa dakika ishirini, lakini dereva anayeijua kazi yake huinyoosha mpaka ikatosha siku nzima, unasimama watu waangalie kanisa, unazunguka, unasimama waangalie kanisa lile lile kwa upande wa nyuma, unasimama kwa shemeji yako anayeuza shanga, unasimama kwa sababu umesimama. Ndipo wakaja hawa wa kukodisha magari, na mtalii siku hizi anasaini karatasi moja kituo cha polisi anapewa leseni ya muda, huyo kashika usukani, anaendesha kushoto huku moyo wake uko kulia, na serikali ikaona hiyo haitoshi, ikawasimikia vibao kila njia panda, vibao vya kijani vyenye mishale, kana kwamba yupo mtu hapa asiyejua njia ya kwao.

Shangazi, niliving'oa. Sikuving'oa vyote siku moja. Kila Jumapili mchana, watu wakishashiba shelisheli na samaki wa chumvi na kujilaza barazani, mimi nachukua spana naenda kung'oa kimoja. Vingine nimeezekea banda la mbuzi, vingine nimezibia uzio, na kile cha Belle Anse, kijiji changu mwenyewe, kilichokuwa pale Trois Chemins, nilikipenda kwa ukubwa wake nikakifungia miguu minne kikawa meza ya domino, maandishi yakiangalia chini. Huu mwaka wa nne wanaume wa Belle Anse wanagonga domino juu ya jina la kijiji chao na hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama.

Watalii nao nikawapa habari kwamba gari la kukodi ni jeneza lenye kiyoyozi. Nikawasimulia Wajerumani wawili walioingia na gari porini kule Morne Cassis wakatoka baada ya wiki, wamekonda, wanakula mapera mabichi. Wajerumani hao hawapo, niliwaumba mwenyewe siku moja feri ilipochelewa, lakini wamenifanyia kazi kuliko ndugu zangu wote. Kelele za vibao zilipozidi, serikali ikaunda kamati ya kuchunguza, na kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa madereva wa teksi, nikapewa na uenyekiti wa kamati. Uchunguzi unaendelea.

Sasa nije kwenye kidonda. Nina mtoto mmoja tu duniani, Jacintha, ambaye yuko Toronto mwaka wa kumi na moja huu akitengeneza lifti, kazi ambayo kisiwa hiki hakina hata mlango wake, na mama yake alipofariki hakuweza kuja kumzika kwa sababu karatasi zake zilikuwa hazijakaa sawa, akalia kwenye simu na mimi nikalia huku, basi tukazika hivyo. Mwaka huu karatasi zikakamilika. Nilikuwa nimempa kiwanja kando ya nyumba yangu, na Jumatatu alishuka kwenye feri saa nne asubuhi bila kuniambia, kaja kujenga, kaja kukaa, Shangazi, kaja moja kwa moja, na kwa kuwa alijua saa hiyo niko kazini na hakutaka kunitoa kwenye riziki yangu, akakodi gari.

Akafika Trois Chemins. Barabara aliyoijua utotoni ilikwenda na kimbunga, za sasa zimechongwa upya zote, simu yake ya Kanada haikushika mtandao, na pale njia panda alikuta nguzo tupu. Akakata kulia. Akatokea alikotokea, akamkuta bibi mmoja barazani, Miss Philomène, akamuuliza njia.

"Belle Anse? Rahisi mno, mwanangu! Nenda mpaka palipokuwa na bekari, kata kushoto palipokuwa na mti wa mkungu, ukifika kwa marehemu Cuthbert ujue umepitiliza."

"Bibi, bekari yenyewe ilikuwa wapi?"

"Si pale palipokuwa na posta!"

Akaenda, akarudi, akazunguka, akamkuta mtu anaswaga mbuzi, naye hata hakumwelekeza, aliona tu namba za gari la kukodi akatikisa kichwa. "Dada, hilo gari lirudishe ulikolitoa uchukue teksi. Kwani hujasikia yaliyowapata wale Wajerumani?"

Na mimi, Shangazi, saa saba mchana nilikuwa naikwea kona ya Morne Cassis na teksi yangu, ambayo ni basi dogo, nimepakia watalii kumi na wawili, nikaona gari jeupe la kukodi limetumbukiza tairi mtaroni, na mwanamke wa kofia na miwani ya jua amesimama kando anapunga mkono. Nikapunguza mwendo. Nilipunguza ili watalii wapige picha. "Haya, jioneeni wenyewe," nikawaambia, "si niliwaambia mambo ya kukodi?" Wakacheka, nami nikacheka, nikapiga honi mara tatu, ile honi yangu ya wimbo, nikapita.

Nilipofika nyumbani jioni nikalikuta gari jeupe uani kwangu, wapita njia wamelisukuma likatoka mtaroni, lina tope mpaka kwenye vioo, na mwanangu ameketi kwenye meza ya domino amevua kofia.

"Baba," akasema, "nilikupungia mkono."

"Sikukuona, mwanangu."

"Mimi nilikuona. Ulikuwa unacheka."

Alikuwa amezurura saa tano katika kisiwa cha dakika ishirini. Nikampikia, nikamwekea sahani palepale mezani, akawa analia na machozi yanadondokea juu ya meza ile, na mimi najua chini yake kumeandikwa nini. Akasema, "Nimesahau kwetu, Baba. Watu wananiita mtalii, na wana haki. Mtu asiyeijua njia ya kwa baba yake hana kwao. Kiwanja mpe mwingine." Ana tiketi ya feri ya Jumamosi hii, siku moja tu baada ya gazeti lako kutoka, na tangu Jumatatu ile hatoki nje, anakunja nguo, anakunjua, anakunja tena.

Nakuomba Shangazi unipe maneno ya kumfanya abaki, maneno mazito ya kumgusa mtoto, lakini yawe maneno ambayo hayataji vibao, kwa sababu mwezi ujao tuna uchaguzi wa mwenyekiti na mpinzani wangu anangoja niteleze hata kwa ganda la ndizi.

Ni mimi,
Dereva Mwenye Aibu, Gatini

*

SHANGAZI EUDORA ANAJIBU

Bwana Dereva, fungua vioo hivyo upate hewa, maana unachojificha kinaonekana. Kisiwa hiki kina teksi kumi na nne, mwenyekiti mmoja, na honi moja tu inayoimba wimbo. Jina lako silitaji kama ulivyoomba, lakini kusema kweli sijui nilifiche wapi.

Kwanza nikupe pole, na ni pole ya dhati. Kumzika mke huku mtoto yuko ng'ambo anasikiliza mazishi kwenye simu si jambo dogo, na najua pia uchungu wa kukaa gatini unaona feri inamwaga watu hamsini na wote wanakupita wanakwenda kuchukua funguo. Tumbo la njaa halina adabu. Hilo nimelielewa, sasa sikiliza mengine.

Mwaka juzi gazeti hili lilichapisha barua yako ukurasa wa nne. Uliwaita wezi wa vibao "maadui wa maendeleo na watoto wa nyoka." Niliipenda barua ile hata nikaikata nikaibandika jikoni kwangu. Leo asubuhi nimeibandua, na ukuta umechubuka kidogo, hilo nalo liko juu yako. Na wale Wajerumani! Mimi niliwaombea, bwana. Niliwawashia mishumaa miwili kanisani, tena ya bei.

Nisikusulubu peke yako. Sisi wote wa kisiwa hiki tuna sehemu yetu. Tunamwelekeza mtu kwa bekari iliyobebwa na upepo, kwa mkungu ulioanguka, kwa nyumba ya marehemu, na tukishamaliza tunamshangaa akipotea. Aliyekuwapo siku vitu hivyo vilipokwenda ataijua njia. Jacintha hakuwapo. Ndiyo maana serikali ilisimika nguzo na kibao, kwa ajili ya mtu wa namna yake, na kibao hicho wewe umekigongea domino miaka minne.

Sasa unaniomba maneno ya kumbakiza yasiyotaja vibao. Hayapo. Nimeyatafuta tangu jana barua yako iliponifikia. Ningekuandikia "mwanangu nakupenda," angekujibu "najua, Baba," akafunga zipu ya begi. Binti yako haondoki kwa sababu humpendi. Anaondoka kwa sababu anaamini amesahau kwao, na mtu mmoja tu duniani anajua kuwa hilo ni uongo, naye amejifungia ndani ya teksi anaogopa kura za watu kumi na watatu.

Tena hebu tuulizane vizuri. Baada ya miaka kumi na moja, ametumbukia mtaroni, jua la utosi, teksi inapita polepole. Alikutambua. Alilijua gari, aliujua uso, aliinua mkono. Wewe uliona namba za gari ukaangua kicheko. Kati yenu wawili, aliyemsahau mwenzake ni nani?

Kwenye uchaguzi utashindwa. Nakuambia mapema ili usiupangie mambo. Polisi watakuita, utakwenda na shati safi, utaeleza, na kamati yako hatimaye itatoa ripoti, ya kwanza tangu iundwe. Watu watakucheka mpaka msimu wa mvua, halafu atatokea mwingine wa kuchekwa, ndivyo tulivyo. Wale Wajerumani wazike leo, usiwatoe tena.

Kesho asubuhi uingie kwenye lile gari jeupe pamoja na Jacintha. Aendeshe yeye. Wewe kaa upande wa abiria na spana yako mapajani, na usithubutu kumfundisha kona. Kibao cha kwanza kurudi kiwe cha Trois Chemins, mchana kweupe, watu wakiona, yeye ashike nguzo na wewe ukaze nati. Umechukua miaka minne kung'oa, kwa hiyo usitegemee kumaliza kabla feri haijaondoka. Akitaka kuipanda ni haki yake, na usimshike mkono. Lakini aondoke akijua ukweli.

Na kabla ya hayo yote kuna la leo, la saa hii. Washa gari. Abiria waache, wana miguu, na kisiwa ni cha dakika ishirini. Nenda nyumbani, usipike, usihutubie, usianze na habari za marehemu mama yake. Mwombe Jacintha aje uani. Ondoa sahani, pangusa domino, shika miguu miwili ya meza ile, uigeuze.

Mengine atayasoma mwenyewe.