Karatasi ya Elikopta

Siku ya kwanza, tarehe 6

Bila mie, hakuna ndege inashuka Lubumbashi. Gavana hajue, shefu ya uwanja hajue, lakini njo vile iko. Baaskari beko na elikopta yabo ngambo ya pisti ya ndege. Kila asubui banaandika ku karatasi saa gani itapanda, urefu gani, inaelekea wapi. Mie ninaibeba ku munara. Kule kuko Clarisse, kontroleri, mutoto wa dada yangu. Akisha kusoma, anachelewesha ndege za raia yulu mupaka ya baaskari ipite. Telefone ya kambi ilikufaka zamani. Telefone njo mie.

Leo karatasi mbili.

Siku ya pili, tarehe 7

Karatasi moja. Nimeelezea bamama benye kuuza beignets ku geti vile nilishushaka ndege na mukono moja, siku ya mvua kali. Moja akauliza kama ndege ilisema merci. Balicheka sana. Nimekula beignets ine.

Siku ya tatu, tarehe 8

Mubaya. Karatasi ilisema saa ine na nusu. Elikopta ilipanda saa ine na nusu. Ndege ya Kinshasa ilikuwa inashuka, imejaa bantu. Clarisse hakukuwa na karatasi. Ilikuwa kwangu. Ndege ikarudia yulu na kelele mingi. Hakuna mwenye kuumia.

Nilifika nyuma. Clarisse alikuwa amesimama, uso sawa majivu. Akachukua karatasi mu mukono yangu.

Sisikie kitu mu roho. Nimekula bukari. Ninalala.

Siku ya ine, tarehe 9

Bamesimamisha Clarisse ku kazi. Amesema haikumufikia. Lakini siku zote karatasi inafikaka mbele ya saa, kwa hiyo shefu anasema ilikuwa ku meza na yeye hakuisoma. Siku ya posho, kesho kutwa, bataamua. Kama kosa ni yake, leseni bataichukua. Alisoma myaka juu ya ile leseni.

Shefu ameniuliza. Nimesema baaskari bane balinifungia njia na bunduki, nikapigana nabo, nikabashinda. Ameandika yote. Nilikuwa ninasikia sauti yangu sawa ya muntu mwingine.

Dada yangu amepiga simu toka Kasumbalesa. Hakunitukana. Aliuliza tu kama Clarisse anakula.

Siku ya tano, tarehe 10

Kapiteni wa kambi amekuja yeye mwenyewe. Amesema hakuna askari alinigusa, na niliondoka na karatasi mapema. Sasa shefu anaona ninatunga hadisi kusudi niokoe mutoto wa ndugu. Uongo wangu njo unamumaliza Clarisse.

Mangaribi Clarisse alikuja ku nyumba. Alikaa mbele yangu.

«Tonton, mara moja tu, sema sawa bantu bote banasema.»

Nilikuwa ninaangalia chai yake. Ilipoa.

Siku ya posho, tarehe 11

Nimesema mbele ya shefu, ya kapiteni na ya Clarisse: «Hakupata karatasi. Mie njo nilichelewa. Nilikuwa ninaelezea bantu hadisi ku geti.»

Ile baliamini mbio. Banajua kinywa yangu. Kapiteni hata alitaka kucheka.

Clarisse anarudia ku kazi. Mie bamenitoa ku kazi ya karatasi. Nitakuwa ninafungua geti. Sawa.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Misa. Bukari na samaki. Clarisse ameleta sukari na sabuni. Hatukusema mingi. Elikopta haipandake leo, muji iko kimya.

Ku geti sikukuwako ile siku ya tatu. Nilikuwa mu ngazi ya munara, etaji ya tatu, nimekaa chini. Magoti ilikatala kupanda. Siku zote ninapumzikaka pale, kiisha ninamuambia Clarisse nilipanda mbio. Ile siku sikuweza kusimama. Nilisikia elikopta inaanza, karatasi iko mu mukono. Clarisse alikuwa yulu yangu kidogo tu, angenisikia.

Nilikuwa na haya ya kumuita ashuke.