Aliyepimwa kwa Niaba Yako

Tarehe 3 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Natumai mgongo umepoa na kazi ya vioo inaendelea. Mimi ni mzima. Mama ni mzima kiasi. Magoti yanamsumbua kila akisimama.

Najua umepata wito wa mahakama. Sikupenda uupokee dukani mbele ya wateja, lakini tarishi haniulizi mimi. Sitaki nyumba yako wala duka lako. Nina miaka thelathini na minne, na riziki naipata kwa kupaka rangi nyumba za watu. Ninachotaka ni hakimu aseme kwamba Mama hakukusingizia. Aliponileta mlangoni kwako nikiwa mchanga, ulisema humjui, na tangu hapo mtaa mzima unamwita mwongo. Kubali tupimwe vinasaba.

Binti wa mpishi wa shule

Tarehe 17 Machi

Binti,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Msalimu mama yako, kama anapokea salamu zangu.

Nimekubali. Lakini elewa hali yangu: mimi ni mwenyekiti wa baraza la usuluhishi. Wanaume wanaokana watoto huletwa mbele yangu niwakemee. Nikionekana kwenye foleni ya maabara, uso nitauficha wapi? Niachie nichague siku yangu, niende kimya kimya.

Mzee wako

Tarehe 22 Mei

Mzee wangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Majibu yalisomwa jana mahakamani, nawe hukuja. Hakimu alisoma: aliyepimwa si baba wa mwombaji. Nyuma yangu jirani akasema, bila hata kunong'ona, "Makubwa! Kumbe miaka yote mama mtu alikuwa akipiga ramli!" Watu wakacheka. Mama alikuja na gauni la kazi, kwa kuwa jikoni walimpa ruhusa fupi tu. Akawa anapangusa mikono kwenye gauni, mikono iliyokwisha kukauka.

Kisha karani akanipa nakala, yenye picha ya aliyepimwa. Mzee, ule mdomo wenye pengo, unaocheka hata maabara, si wako. Ni wa mdogo wako anayekusaidia dukani. Kwa nini?

Binti wa mpishi

Tarehe 29 Mei

Binti yangu,

Marahaba, ingawa sistahili shikamoo yako.

Ni kweli. Nilimpa kitambulisho changu, akaenda. Tunafanana, na mhudumu hakutazama mara mbili. Sikukusudia kukudhulumu. Nilijiambia: tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja, damu yetu ni moja. Maabara itaiona damu ya ukoo, nawe utapata haki yako bila mimi kuonekana. Mdogo wangu naye akasema, "Kaka, kwa damu hii hata babu angepatikana." Tukacheka. Leo nikikumbuka kicheko hicho, natamani ardhi ipasuke.

Nakuomba twende mji mwingine tukapimwe upya, kisha tumpelekee hakimu majibu ndani ya bahasha. Usinivue nguo mbele ya watu.

Mzee wako

Tarehe 4 Juni

Shikamoo, Mzee.

Mama alivuliwa nguo mbele ya watu, na hapakuwa na bahasha. Nimemwonyesha hakimu ile picha; kesi itatajwa tena tarehe 18, nawe utapimwa upya. Safari hii mdogo wako abaki dukani.

Binti wa mpishi

Tarehe 10 Julai

Shikamoo.

Majibu ya pili yametoka: ni wewe. Naandika kwa sababu siku ile ulipomaliza kusema mahakamani, niliondoka bila kukuaga.

Nilidhani nitafurahi. Uliposimama ukasema, "Mama huyu hakusema uongo. Mwongo ni mimi, na mara ya pili nikamtuma ndugu yangu," yule jirani aliinamisha kichwa. Lakini niliwaona wajumbe wawili wa baraza lako wamesimama mlangoni, nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyemkana mtu. Hakimu aliponitaka nimwonyeshe baba yangu, kidole hakikunyanyuka hadi Mama aliponigusa kiwiko.

Nimesikia umejiuzulu uenyekiti. Sikuliomba hilo, wala sitakuomba uurudie.

Njiani Mama alisema neno moja tu: "Amezeeka." Kisha akakaza mwendo kuwahi chakula cha wanafunzi.

Umeniita Jumapili nikae mezani na wanao. Bado, Mzee. Sijui nikifika nitakuitaje mbele yao. Kwa leo nasaini ninavyoweza.

Mwanao, kwa amri ya mahakama